Mkaguzi Aliyeanzia Mapokezini

Mtu mzima akinunua kalamu kumi na mbili za rangi tofauti kwa mpigo, ama anafundisha chekechea, ama ana jambo anataka kulificha. Yule mzee aliyesimama mbele ya foleni kwenye duka la kutoa nakala hakuwa na sura ya kufundisha chekechea. Alikuwa na kitambi cha mtu aliyezoea kukaa huku wengine wamesimama, viatu vilivyonuka samaki, na rundo la fomu tupu alizozitolea nakala za kutosha mwaka mzima. Nyuma yake alikuwepo Msafi, aliyekuja kuchapa risiti zake za bima ya uongo, na alipoyaona yale makalamu alisahau kabisa habari za bima.

Msafi halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Watu walimwita hivyo kwa sababu hapakuwa na uchafu ulioweza kumganda, si wa vumbi wala wa kesi. Mwaka juzi alikuwa wakala wa viwanja, viwanja vizuri sana isipokuwa kwamba vilikuwa chini ya bwawa. Mwaka jana akawa mtaalamu wa kutafuta maji, bila shaka kwa uzoefu alioupata kwenye vile viwanja. Miezi ya karibuni aliwauzia bima ya mifugo watu wasiokuwa na mifugo, na biashara ilikwenda salama mpaka mmoja wao aliponunua kuku.

Alichungulia fomu za mzee. Zilikuwa na safu nne: tarehe, saa, joto la chumba cha baridi, saini. Mzee alikuwa anamuuliza mwenye duka, kwa sauti ya chini ambayo mtaa mzima ulisikia, kama kuna njia ya kuifanya karatasi mpya ionekane ya zamani. Mwenye duka alimshauri aipitishe kwenye chai.

Msafi alikohoa. "Chai inaacha harufu, mzee wangu," alisema. "Na wakaguzi wa kimataifa kitu cha kwanza wanachokuja nacho ni pua."

Nje, kwenye benchi la duka, mzee alieleza yote, maana mwenye shida hana siri. Alikuwa na kiwanda cha kugandisha pweza kwa ajili ya kuuza nchi za nje. Wafanyakazi wake walimwita Bwana Kesho, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilowapa kila walipoomba kitu, na yeye jina hilo alilipenda, akidhani linamaanisha ni mtu mwenye kuona mbali.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa heshima zote, tuzungumze habari za pweza. Pweza wa kuliwa nyumbani anahitaji sufuria tu. Pweza anayesafiri nje anahitaji karatasi nyingi kuliko binadamu: alivuliwa wapi, lini, na chombo gani, alikaa kwenye barafu saa ngapi, nani alimshika, na huyo aliyemshika anaumwa nini. Juu ya karatasi zote hizo inakaa nambari ya kiwanda, iliyoandikwa kwenye orodha inayosomwa na wanunuzi wote duniani. Kiwanda chenye nambari kinauza. Kiwanda kilichofutwa nambari kinabaki na pweza wake, na pweza, tofauti na ardhi, hapandi thamani akikaa.

Nambari ya Bwana Kesho ilikuwa kwenye mstari wa kufutwa. Mzigo wake wa mwisho ulirudishwa kwa sababu ya joto, na barua ikaja kwamba baada ya wiki nne wakaguzi wawili watafika kukikagua kiwanda. Wasiporidhika, nambari inafutwa siku hiyo hiyo, kiwanda kinafungwa, na wanawake tisini wanaosafisha na kukata pweza wanarudi nyumbani mikono mitupu. Mashine ya baridi ilikuwa inakohoa tangu enzi, na kubadilisha kompresa yake kulitaka fedha. Fomu zilikuwa rahisi. Bwana Kesho aliamua kukigandisha kiwanda kwenye karatasi.

Msafi alimsikiliza kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa mwenye uwezo. Kisha akajitambulisha kuwa mshauri wa viwango vya kimataifa, na akamweleza habari ya kitu kinachoitwa Barua ya Kuridhika, ambacho kilikuwa kimezaliwa kichwani mwake dakika ile ile. Kwanza unafanyika ukaguzi wa awali, halafu mshauri anatoa Barua. Wakaguzi wakifika wanaisoma, wanakunywa chai, wanaaga. Bwana Kesho aliuliza bei. Msafi alitaja kiasi ambacho hata yeye kilimwogopesha kidogo, lakini kilikuwa nusu ya bei ya kompresa, na uso wa mzee ukang'aa.

"Nitakulipa," alisema Bwana Kesho. "Kesho."

Jumatatu Msafi alifika kiwandani amevaa koti jeupe aliloliazima kwa muuza nyama, mabuti ya mpira ya muosha magari, na tai yake mwenyewe. Mkononi alikuwa na ubao wa kubania karatasi. Msafi aliamini kwamba binadamu akishika ubao wa namna hiyo na akakunja uso, hakuna mlango utakaomzuia, na mpaka siku ile imani yake haikuwahi kumwangusha.

Alipokewa na mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kipimajoto kilichoning'inia shingoni kwa uzi. Huyu ndiye aliyesimamia ubora wa kiwanda. Alikuwa mdogo wake mke wa Bwana Kesho, kwa hiyo bosi alimwita shemeji, na kiwanda kizima, hata madereva, wakamwita Shemeji. Undugu huo ulikuwa na faida moja na hasara moja: hafukuziki, na hasikilizwi.

Ziara ilianza pale ambapo mtu yeyote mwenye akili za kawaida angeianzisha, yaani mwanzoni. Msafi aliingia mapokezini, ambako pweza wanashushwa kwenye makasha ya barafu na sakafu imejaa ute. Akakanyaga ute, akatikisa kichwa, akaandika. Akapita kwenye meza za kusafishia, akatikisa kichwa. Akapita kwenye meza za kukatia, akasimama mbele ya chumba cha baridi ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba na kukazwa pembeni kwa vipande vya karatasi zilizokunjwa, akatikisa kichwa kwa muda mrefu zaidi. Mwisho akaingia chumba cha kufungashia, akasimama katikati ya maboksi meupe, akakiambia kiwanda kwa sauti nzito kwamba ameona mengi.

Wanawake wa kufungasha waliacha kazi. Hawakumtazama usoni, walitazama mabuti. Nyuma yake, kutoka mlangoni mpaka aliposimama, alikuwa ameacha mstari wa nyayo zenye ute. Shemeji aliwaambia wanawake wapige sakafu deki kwa dawa mara mbili, kisha akamkaribisha mgeni ofisini kwake kwa adabu zote.

Ofisi ilikuwa ndogo, yenye kabati la mafaili na dirisha la kioo la kutazamia ukumbini. Shemeji alifunga mlango.

"Mkaguzi huanzia kwenye kufungasha," alisema. "Anamalizia mapokezini. Anatoka kwenye usafi kwenda kwenye uchafu, ili asiubebe. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Wewe ni nani?"

Msafi alijaribu kusema kuwa huo ulikuwa mtindo wa zamani, na kwamba siku hizi kuna utaratibu mpya.

"Kaa chini, kaka," alisema Shemeji.

Msafi alikaa. Alianza kupima kwa macho umbali wa kutoka kwenye kiti hadi mlangoni, kisha kutoka mlangoni hadi barabarani, kama ilivyo desturi ya fani yake. Lakini mwanamke yule hakugusa simu. Alisema kwamba kwa miaka minne amemwandikia shemeji yake barua za kuomba mlango, kompresa, mabeseni ya dawa ya kukanyagia na mengine mengi. Barua arobaini na moja. Zote zilifanyiwa kazi: zile karatasi zilizokaza mlango wa chumba cha baridi ndizo hizo.

"Mimi nikisema, ni shemeji anasumbua," alisema. "Wewe ukisema, ni mtaalamu. Una tai. Basi utasema nitakachokwambia. Atakapomaliza kutengeneza, chukua ada yako uende zako. Ukikataa, naita polisi, na huko kwao hutaanzia kwenye usafi."

Msafi alifikiri kwa haraka. Ada ilikuwa bado iko pale pale. Kazi ilikuwa ile ile ya kusema, ambayo alikuwa anaifanya bure hata akiwa peke yake. Mama huyu alidhani amemkamata, kumbe amempa mwalimu, ofisi na chai ya saa nne. Alikubali huku akijitahidi uso wake uonyeshe uchungu.

Wiki tatu zilizofuata, kiwanda kilishuhudia mambo. Kila asubuhi Shemeji alimwandikia Msafi kwenye kipande cha karatasi, na kila adhuhuri Msafi alimhubiria Bwana Kesho yale yale kwa maneno marefu zaidi. Mlango wa chumba cha baridi ulibadilishwa. Kompresa mpya ilifungwa, baada ya Msafi kumweleza mzee kwamba nchi za nje zina chombo kinachoweza kunusa kompresa ya zamani kupitia kwenye mkono wa pweza. Mifereji ilizibuliwa. Mabeseni ya dawa yakawekwa kila mlango. Bwana Kesho alilalamika, alishika kichwa, aliuliza kama pweza wenyewe wameleta malalamiko yoyote, lakini alilipa, kwa sababu aliyekuwa anamwambia ni mgeni, na neno la mgeni huingia hata kwenye sikio lililoziba.

Siku moja mzee aliona afadhali amlainishe mtaalamu. Alimvuta pembeni, akamsukumia boksi zima la pweza waliogandishwa enzi za mashine mbovu. Msafi alilitazama lile boksi. Alikuwa ameshasoma, kwenye mafaili ya Shemeji, nini hutokea tumboni kwa mtu aliyekula samaki aliyeyeyuka na kuganda mara tatu. Akalirudisha. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukataa hongo, na tusimpake rangi nzuri bure: alichokiokoa ni tumbo, si heshima. Lakini habari zilienea kiwandani kwamba mkaguzi hali rushwa, na wanawake wakaanza kumwamkia kwa kuinamisha kichwa.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumharibikia. Alijikuta anamgombeza dereva aliyeruka beseni la dawa. Kwenye kibanda cha chai alimuuliza mama chai maziwa yake yamekaa kwenye joto gani na tangu saa ngapi, akafukuzwa. Chumbani kwake alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kula ndizi. Alijionea haya, lakini hakuweza kuacha.

Jambo moja tu lilimshinda. Shemeji alitaka wanawake wote tisini wapimwe afya hospitali, damu, choo na picha ya kifua, na kila mmoja apewe mabuti ya mpira, kwa sababu walikuwa wanafanya kazi na kandambili za nyumbani. Bila vyeti vya afya, alisema, wakaguzi hawatapoteza hata muda wa kupima pweza. Msafi alimhubiria Bwana Kesho siku tatu mfululizo. Mzee hakutikisika. Mashine ni mali yangu, alisema, ikipona imepona kwangu. Lakini kila mtu alizaliwa na afya yake, na wote walikuja kazini na miguu yao wenyewe, hakuna aliyeletwa bila miguu. Mwenye kutaka kupimwa akajipime kwa mshahara wake. Mshahara wenyewe ulikuwa wa miezi miwili nyuma.

Msafi alirudi ofisini na taarifa hiyo. Shemeji alitazama ukumbini kupitia kwenye kioo. Macho yalimlenga machozi, akayafuta kwa mgongo wa mkono.

"Wengine nimeanza nao kazi wakiwa wasichana," alisema. "Basi, niachie hilo."

Tangu siku ile, jambo la ajabu lilitokea: Bwana Kesho alianza kumkonyeza Msafi. Alimkonyeza asubuhi, alimkonyeza wakipishana kwenye ngazi. Msafi, ambaye alikuwa ameshaanza kuingiwa na wasiwasi kuhusu ada yake, aliyaelewa makonyezo hayo kuwa ni ahadi, naye akamkonyeza. Kwa wiki nzima watu wawili wazima walikonyezana kiwandani bila kuambiana neno. Siku moja kabla ya wakaguzi kufika, Msafi aliona wakati umewadia wa kuchukua chake na kuingia mitini. Alimfuata mzee, akatamka kwa upole, "Mzee wangu, lile jambo letu?"

Bwana Kesho aliweka kidole mdomoni. "Lile liko sawa kabisa," alinong'ona. "Hatulitaji. Wewe kesho uwepo tu."

Ikambidi awepo. Ukiondoka kabla ya malipo umefanya kazi ya bure, na Msafi alikuwa na msimamo mkali kuhusu kazi ya bure.

Wakaguzi walifika saa mbili kamili. Mmoja alikuwa mama mfupi mwenye miwani kutoka mamlaka ya chakula, wa pili mgeni mrefu aliyetumwa na wanunuzi, ambaye hakusema lolote bali aliandika kila kitu, hata pale ambapo hapakuwa na kitu. Walivaa makoti, wakavua saa na pete, wakaomba kupelekwa chumba cha kufungashia.

Bwana Kesho alimwinamia Msafi. "Mbona wanaanzia mwisho?"

"Ndivyo inavyotakiwa," Msafi alimjibu, na akashangaa alivyoudhika. "Usafi kwanza, mzee wangu."

Kila kitu kilikwenda vizuri. Mama mwenye miwani alitoboa pweza aliyeganda, akachomeka kipimajoto chake ndani, akasoma nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Aliangalia mifereji. Aliparaza kidole chini ya meza na kidole kikatoka kama kilivyoingia. Kisha, walipoketi ofisini kwa Shemeji, akaomba kumbukumbu za joto za mwaka mzima, na Bwana Kesho, kwa tabasamu la mtu aliyelisubiri swali hilo, akatoa faili kutoka kwapani.

Msafi alikuwa hajaliona faili lile. Mzee alikuwa amelijaza mwenyewe, kwa siri, kwa kalamu zote kumi na mbili. Lilipofunuliwa, Msafi alisoma kwa jicho la pembeni: nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Kumi na nane. Kumi na nane. Kila saa ya kila siku, pamoja na zile siku mbili ambazo mji mzima ulikosa umeme na watu wakala vyakula vyote vya kwenye majokofu kabla havijaoza. Rangi zilibadilika, mwandiko ulikuwa ule ule. Msafi alihisi maumivu ya fundi seremala anayeona meza yenye miguu mitatu. Akatazama ukumbini kupitia kwenye kioo: wanawake walikuwa wamesimama kimya kwenye meza zao, wameacha visu chini, na pembeni yake Shemeji amefumba macho. Mama mwenye miwani alinyoosha mkono kulipokea faili.

"Hilo hapana, mama," alisema Msafi, akalichukua yeye. "Hizi ni fomu za mazoezi. Watu walikuwa wanajifunza kujaza. Kumbukumbu zetu za kweli ni za wiki mbili tu. Huko nyuma mashine ilikuwa mbovu, mlango mbovu, na hakuna mtu aliyejaza fomu."

Bwana Kesho alipata rangi ya barafu. Msafi alikuwa amesema uongo mmoja na ukweli mmoja kwa pumzi moja, na ule uongo haukumsumbua hata kidogo. Ni ukweli uliomtoa jasho.

Mama mwenye miwani alizichukua zile za wiki mbili. Zilikuwa na saini ya Shemeji, na namba zilikuwa zinapanda na kushuka: kumi na tisa, kumi na saba mlango ulipofunguliwa kupakia, ishirini alfajiri. Alizisoma zote. Akasema kwamba chumba cha baridi cha kweli kinapumua, na kwamba wangempa kumi na nane ya mwaka mzima angekifunga kiwanda bila kukaa kitako. Mgeni mrefu aliandika.

"Vyeti vya afya vya wafanyakazi," alisema mama.

Msafi alijua sasa yamekwisha. Lakini Shemeji alifungua kabati, akatoa faili nene, akaliweka mezani. Ndani mlikuwa na vyeti tisini, kila kimoja na picha, majibu na mhuri. Mama alichagua vitano, akawaita wenye navyo, akalinganisha sura. Hakuridhika. Alitoa simu yake, akapiga hospitali, akawasomea namba za vyeti moja baada ya nyingine, na upande wa pili sauti ikajibu kwamba ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Msafi alikodoa macho. Katika maisha yake ya kazi alikuwa ameona vyeti vya kughushi vya kila aina, vingine alivichora mwenyewe, lakini vile vilikuwa vya daraja lingine. Wino wa mhuri ulikuwa umefifia upande mmoja, kama wa kweli. Majibu yalitofautiana: huyu ana minyoo ametibiwa, yule shinikizo la damu. Na hospitali kuna mtu wake wa kupokea simu! Mwanamke huyu aliyemdhania mshika kipimajoto tu, kumbe ni gwiji. Alijiona mwanafunzi.

Saa nane mchana wakaguzi walisaini. Nambari inabaki. Watarudi baada ya miezi sita, na wanataka wakute mtu wa kudumu wa kusimamia usafi ukumbini, mbali na Shemeji. Wanawake hawakupiga vigelegele. Walikumbatiana tu, na mmoja wao, mtu mzima, alikaa chini kwenye kreti akalia kwa sauti mpaka wenzake wakamwinua. Bwana Kesho alizunguka akiwapongeza watu kwa kazi aliyoifanya yeye.

Msafi alisubiri mageti yafungwe nyuma ya gari la wageni. Akamfuata mzee, akasema kwamba, pamoja na hongera nyingi, sasa angeomba ile ada.

"Ada?" Bwana Kesho alicheka. "Si nilimaliza yote, wiki iliyopita? Kupitia kwa Shemeji. Alinieleza kwamba nyie wa kimataifa hamshiki wenyewe, na kulitaja mbele yako ni kukutukana. Nikaelewa. Mambo ya chini ya meza ninayajua." Akamkonyeza.

Wajuzi wa tabia za matajiri watatuambia kwa nini mtu anayechelewesha mshahara miezi miwili huitoa rushwa siku ile ile aliyoombwa. Msafi hakuwa na muda wa kuwasubiri. Alipanda ngazi mbili mbili mpaka ofisini.

Shemeji alikuwa anapanga mafaili. Msafi alifunga mlango, akavuta pumzi, na kwa kuwa alikuwa na adabu kati ya watu wa fani moja, alianza na sifa.

"Dada, kwanza nikuvulie kofia. Vile vyeti, mhuri ule umeutoa wapi?"

"Hospitali."

"Najua umeandikwa hospitali. Nauliza fundi ni nani."

"Daktari," alisema Shemeji. "Wamepimwa, kaka. Kumi na tano kwa siku, siku sita, kwa zamu. Ulidhani walikuwa wanakwenda wapi asubuhi?"

Msafi alikaa bila kukaribishwa. Shemeji alimsogezea faili jembamba. Ndani mlikuwa na risiti ya hospitali ya vipimo vya watu tisini, na risiti ya mabuti ya mpira. Msafi alizijumlisha kichwani, maana hesabu alikuwa anaijua, na jumla ikaja kamili: ilikuwa ile ada yake, kama alivyoitaja kwenye benchi la duka la kutoa nakala.

"Umeniibia," alisema.

"Nenda polisi," alisema Shemeji. "Waeleze ilikuwa ada ya kazi gani."

Msafi aligeuka kwenye kioo. Chini ukumbini wanawake tisini walikuwa wamerudi kazini, na kwa mara ya kwanza aliitazama miguu yao: miguu mia na themanini, yote ndani ya mabuti mapya meupe yaliyogawiwa asubuhi ile, yakikanyaga majini bila wasiwasi. Pesa yake yote ilikuwa inatembea pale chini, inakwenda mezani, inarudi, inaingia kwenye beseni la dawa, inatoka. Ilimuuma mpaka kwenye mifupa. Katika miaka yote ya mjini hakuna aliyewahi kumwingiza mjini yeye, tena kwa risiti.

Shemeji alimwacha atazame mpaka atosheke. Kisha akasema kwamba ile nafasi ya msimamizi wa usafi iko wazi kuanzia Jumatatu, kwamba mshahara wake utapitia mikononi mwake yeye Shemeji na si kwa Bwana Kesho, na kwamba koti na mabuti ya kuazima ayarudishe kwa wenyewe kwanza, kwa sababu hapa haingii mtu na mabuti yaliyotoka kwenye sehemu ya kuosha magari.

"Unavaa namba ngapi?" aliuliza.

Chini, mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka mapokezini kuelekea kwenye kufungasha aliruka beseni la dawa bila kukanyaga, na Msafi akagonga kioo kwa hasira kabla hajajua anachokifanya. Yule mwanamke alirudi akakanyaga.

"Arobaini na mbili," alisema Msafi.